Kumlisha mgonjwa wa kansa ya njia ya nyongo: mizani, daftari na sufuria

Naandika hii kwa mtu ambaye kesharudi nyumbani na bahasha ya majibu, ndugu wamekaa barazani, kila mmoja anasema lake, na mgonjwa yuko ndani anazidi kukonda. Mi nimemuuguza baba mkubwa wangu hapa Tanga, Ngamiani, kansa ya mirija ya nyongo na ilishafika kwenye ini tulipoijua. Mi si daktari wala mtu wa lishe, nilikuwa tu yule mtu wa kwenye familia anayepewa daftari na kuambiwa haya wewe ndo unajua kusoma, andika. Kwaiyo niliandika, nikauliza sana, nikasoma, na hapa chini ni vile ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza.

Kabla ya hatua zenyewe elewa jambo moja maana ndo linabeba mengine yote. Kansa hii ikishasambaa kazi kubwa inafanywa na dawa za kemo, na kemo haipewi mtu aliyelala kitandani hoi. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Uingereza, wagonjwa 410, wakalinganisha dawa ya kemo inayoitwa gemsitabini peke yake na gemsitabini ikichanganywa na nyingine, sisplatini, waliopata dawa mbili muda wao wa katikati wa kuishi ulikuwa miezi 11.7 na wa dawa moja miezi 8.1. Muda wa katikati maana yake nusu walivuka hapo na nusu hawakufika, usiisome kama tarehe ya mtu. Ila angalia nani waliingizwa kwenye utafiti ule, ni watu waliokuwa bado wanajimudu, wanatembea, wanajihudumia. Mgonjwa aliyekwisha nguvu hata hizo namba hazimhusu kwa sababu dawa yenyewe hapati, au anapata ya kupunguzwa, au anapata moja halafu damu inashuka wanasitisha.

Kwenye kansa hizi za nyongo watafiti wa Japani, Korea, China na kwingine wamerudia kuona kitu kilekile, aliyepungua uzito sana, aliyepotelewa na misuli, ambaye protini ya damu iko chini, huyo siku zake huwa fupi kuliko mwenzake mwenye kansa ileile lakini mwili umeshika. Sasa hapa usinielewe vibaya. Haijathibitishwa kwamba ukimjaza mtu chakula basi ataishi zaidi, maana ugonjwa wenyewe ndo unaomkondesha, mwili unawaka moto ndani kwa ndani unakula misuli hata kama anakula. Chakula hakishindani na kansa. Chakula kinamfanya awe na miguu ya kusimama dawa ikija, na kinampa siku ambazo anakaa barazani badala ya kulala. Kwangu hiyo ilitosha.

1. Fungua njia ya nyongo kwanza, chakula baadaye

Hili tulikosea na lilitugharimu. Baba mkubwa alianza kuwashwa mwili mzima, macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo wa kupaka ukuta. Sehemu ya kwanza tuliyompeleka akapewa dawa za malaria, ya pili dawa za vidonda vya tumbo, na katikati hapo mtu mmoja akaleta chupa ya mizizi ya kusafisha ini. Wiki 5 zimekwenda hivo. Ukiona manjano na choo cheupe na kuwashwa pamoja, usizunguke, nenda hospitali yenye ultrasaundi, huku kwetu anza na Bombo ambayo ndo hospitali ya rufaa ya mkoa, ukasisitize kwamba choo ni cheupe. Choo cheupe maana yake nyongo haifiki utumboni, kuna kitu kimeziba.

Nyongo inatengenezwa na ini, inashuka kwenye mirija, nyingine inahifadhiwa kwenye mfuko wake, halafu inaingia utumboni kusaga mafuta na kuusaidia mwili uchukue vitamini A, D, E na K. Uvimbe ukiziba hapo, iwe ndani ya ini, iwe pale mirija inapokutana kwenye mlango wa ini, iwe chini karibu na kongosho, matokeo yanafanana: mafuta hayasagwi, mtu anaharisha choo cha mafuta kinachoelea, anapoteza hamu, na vitamini K ikikosekana damu haigandi vizuri, fizi zinatoka damu, akichomwa sindano panavia. Ndo maana kabla ya kumfanyia chochote huwa wanapima kuganda kwa damu na mara nyingi wanampa sindano ya vitamini K.

Kufungua njia ni kuweka kijimrija wanachokiita stenti, kwa kupitisha kamera mdomoni, au kutoboa ubavuni mpaka kwenye ini wakatoa nyongo nje kwenye mfuko. Kwa sisi wa Tanga hiyo maana yake rufaa ya kwenda Dar. Baada ya stenti kukaa vizuri, baba mkubwa ndani ya wiki 2 alianza kuulizia chakula mwenyewe. Kabla ya hapo mama mkubwa alikuwa anapika anamwaga, anapika anamwaga, na tulikuwa tunamlaumu mgonjwa kumbe mrija umeziba.

Na stenti zenyewe zinaziba tena, hasa za plastiki, kwa kawaida huwa zinabadilishwa kama kila miezi 3, za chuma zinakaa zaidi. Kwaiyo andika tarehe iliyowekwa, kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu. Homa na kutetemeka mwili kwa baridi kwa mtu mwenye stenti si malaria mpaka ithibitike vingine, ni maambukizi ya mirija ya nyongo, mnatoka siku hiyohiyo hata kama ni saa 8 usiku.

2. Mizani, kila Jumamosi

Tafuta mizani moja na uishike hiyohiyo. Mi niliazima ya jamaa mwenye duka la dawa, maana ile ya zahanati nilikuta wiki hii inasema hivi wiki ijayo vile, na siku moja walimpima na koti na simu mfukoni. Pima asubuhi, keshakwenda haja, hajala, kavaa kikoi kilekile bila shati. Mara moja kwa wiki inatosha, ukimpima kila siku utamtia wasiwasi bure na yeye ndo atakuwa anaomba asipimwe.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito wa zamani toa wa sasa, gawa kwa wa zamani, zidisha kwa 100. Baba mkubwa kabla ya ugonjwa alikuwa kilo 68, tunajua kwa sababu alipimwa wakati wa kukata bima, na miezi minne baadaye alikuwa 61. Zimeondoka 7, ukigawa kwa 68 ni kama asilimia 10. Wataalamu wa lishe duniani wanakubaliana kwamba kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 kwa mgonjwa wa kansa tayari ni utapiamlo, au kuna ule ukondefu wa kansa unaokula misuli, na haitakiwi kusubiri mpaka mifupa ionekane. Sisi tulikuwa tushapita mara mbili yake na watu wanasema "mbona hajakonda sana, si alikuwa mnene tu."

Halafu kuna ile hesabu ya uzito kwa urefu ambayo kila kliniki wanaifanya. Yeye urefu 1.70, kilo 61, ukipiga inakuja 21, na nesi akaandika kawaida. Kwa karatasi ni kawaida kweli! Lakini mtu aliyetoka 68 hadi 61 si wa kawaida, namba hiyo haijui alikotoka. Ndo maana nakwambia beba daftari, usitegemee karatasi ya kliniki ya siku moja.

Kitu kingine kinachodanganya ni maji. Kansa hii ikishika ini au utando wa tumbo, tumbo linajaa maji na miguu inavimba, mizani inapanda na familia inashangilia, kumbe mikono imebaki vijiti. Kwaiyo ukipima uzito pima na mkono. Azima futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegezwa, zungusha bila kukaza. Ikisoma chini ya sentimita 23.5 kwa mtu mzima ujue huyo amekonda kweli hata mizani iseme nini. Pima na kiuno usawa wa kitovu, kikipanda huku mkono unashuka hayo ni maji, mwambie daktari.

Kuna na mtihani wa kiti. Mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5. Ikizidi sekunde 15 misuli imepungua nguvu. Baba mkubwa aliupenda huo, alikuwa anaufanya kwa ubishi, wajukuu wanahesabu kwa sauti, siku aliyopata sekunde 13 alitaka tuite majirani.

3. Andika muda anaokaa kitandani

Haya ni mafupi. Daktari wa kansa akimuona mgonjwa anamkadiria kwa daraja kuanzia 0, yaani mzima kabisa, mpaka 4, yaani yuko kitandani muda wote. Mstari mkubwa uko kati ya 2 na 3, kama muda aliokuwa macho mchana zaidi ya nusu anaupitisha kitandani au kwenye kiti huyo ni 3, na hapo madaktari wengi wanasita kumpa kemo nzito. Sasa mgonjwa akifika kliniki baada ya basi la Tanga kwenda Dar, Segera, Chalinze, kilomita kama 350, unategemea ataonekanaje? Hoi. Anakadiriwa 3 wakati nyumbani anakwenda msikitini kwa miguu. Ukiwa na daftari linaloonyesha wiki nzima, daktari anaona ukweli. Na ukiweza fikeni jana yake mkalale kwa ndugu. Njiani chupa ya uji, mayai ya kuchemsha, msitegemee chipsi za stendi.

4. Piga hesabu ya chakula, usikisie

Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa kansa inasema kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini izidi gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana ifike gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 61 hiyo ni kalori kama 1,500 hadi 1,800, na protini tulijiwekea lengo la 75 mpaka 90. Kalori kwetu si tatizo sana, wali na ugali vipo, shida ni protini, sahani yetu ya kawaida wanga ni mlima na kitoweo kimekaa pembeni kama mgeni.

Kwa makadirio: yai moja gramu 6, kikombe cha maziwa au mtindi 8, kipande cha samaki ukubwa wa kiganja bila vidole kama 20, nusu kikombe cha maharage au choroko zilizoiva 7, dagaa wakavu kiganja kimoja 12, vijiko 2 vya karanga za kusaga 4.

Siku yetu nzuri ilikuwa hivi. Saa 1 asubuhi uji umepikwa na maziwa na karanga, sio maji. Saa 4 mayai 2. Saa 7 samaki na wali kidogo. Saa 10 mtindi. Saa 1 usiku choroko na unga wa dagaa juu yake. Kabla ya kulala kikombe cha maziwa ya moto. Jumlisha utaona inakaribia 80. Siku mbaya hakufika hata 30, na siku mbaya zilikuwa nyingi, sikufichi. Ila angalia umbo lake, ni mara 6 kidogo kidogo, hakuna sahani kubwa hata moja. Sahani kubwa inamshibisha kwa macho kabla hajaitia mkono. Tulimnunulia kibakuli cha mtoto, mama mkubwa alikasirika akaona tunamdhalilisha mumewe, lakini kibakuli kikiisha mtu anajisikia ameshinda, sahani ikibaki nusu anajisikia ameshindwa.

Tanga kwenye hili tuna bahati. Samaki wa Deep Sea, pale wavuvi wanaposhusha, asubuhi, maziwa ya ng'ombe yapo kila kona, machungwa ya Muheza, madafu. Maziwa mabichi yachemshwe yapande, hasa akiwa kwenye kemo maana kinga inashuka, na mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Karanga chagua mwenyewe moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, sumu ya ukungu inakwenda moja kwa moja kwenye ini na lake tayari lina mzigo. Juisi ya barabarani yenye barafu, kachumbari ya jana, pilau lililolala nje usiku, vyote weka kando.

*Unga wa dagaa.* Hii ndo ilituokoa kwaiyo nitaikalia kidogo. Nunua dagaa wakavu wasio na mchanga, toa vichwa na tumbo, huko ndo kuna uchungu na ulimi wake siku hizi unaona uchungu mara mbili. Osha haraka kwa maji ya uvuguvugu, anika kwenye ungo juani mpaka wakakamae. Halafu kaanga wakavu bila mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, unageuza mpaka ukimvunja mmoja analia ka! Fanya hiyo kazi uani, mbali na dirisha lake, harufu ikiingia chumbani umepoteza siku nzima. Vikipoa twanga kwenye kinu, chekecha kwa chekecheke la unga, yanayobaki rudisha kinuni. Unga weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Vijiko 2 kwenye mchuzi wa nazi, kwenye choroko, hata kwenye uji wa chumvi, hauonekani wala hausikiki sana. Mama mkubwa akitia na ndimu mwishoni basi hujui kama kuna dagaa.

5. Mafuta: usipige marufuku, soma choo

Kila mtu atakwambia mgonjwa wa nyongo asiguse mafuta. Kama njia bado imeziba ni kweli mafuta mengi yatamtesa, vitu vya kukaanga viache. Ila stenti ikifanya kazi na choo kikarudi rangi ya kawaida, ukiendelea kumnyima mafuta unamnyima kalori za bei rahisi kuliko zote, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, hizo ni karibu mayai 2. Rudisha taratibu, tui jepesi kwanza sio tui bubu la kwanza, kijiko cha mafuta kwenye maharage, parachichi kipande. Siku 2 angalia choo. Kikielea, kinang'aa, hakisombwi na maji, kinanuka kupita kawaida, mafuta hayasagwi, punguza na umwambie daktari maana kuna vidonge vya vimeng'enya vya kongosho ambavyo baadhi ya wagonjwa vinawasaidia sana, hasa uvimbe ukiwa chini karibu na kongosho. Najua kuzungumzia choo cha mzee wako si heshima, sisi tulikubaliana na baba mkubwa neno la siri, akisema "leo meli inaelea" najua.

Na ile ya sukari inalisha kansa kwaiyo asile wali, asile chungwa, asile asali, jamani. Mtu kapungua kilo 7 na unamkata wanga? Kama ana kisukari hiyo ni habari nyingine na daktari wake anajua. Kama hana, muache ale anachokipenda.

Dawa za miti sitamtukana mtu, kila nyumba inazo. Ila ini linalopambana na uvimbe na kemo halijui kutofautisha mzizi wa baraka na mzizi wa sumu. Tulizimwaga. Aliyezileta alinuna mwezi mzima.

6. Akikataa kula tafuta sababu

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "mimi sikatai chakula, chakula ndicho kinanikataa mimi." Nilikuwa nimeshika kijiko, nikakiweka chini. Tangu siku hiyo akikataa napita kwenye orodha kichwani.

Maumivu? Mtu mwenye maumivu hali, dawa ya maumivu inyweke nusu saa au saa moja kabla ya chakula. Morfini ya maji ipo na inasaidia, usiiogope, ila inafunga choo, kwaiyo itakwenda na dawa ya kulainisha choo, papai na maji. Choo kimefunga siku ngapi? Mtu hajapata choo siku 4 unamshangaa nini kutokula. Kichefuchefu? Dawa za kuzuia kutapika zinyweke kwa saa, zisisubiri atapike. Ladha ya chuma mdomoni? Hiyo ni sisplatini, badilisha kijiko cha chuma mpe cha plastiki au cha mti, tia ndimu, mpe chakula kilichopoa. Vidonda au utando mweupe mdomoni? Mwonyeshe daktari, utando mweupe mara nyingi ni fangasi, kuna dawa. Anashiba haraka? Maji ya tumboni yanabana, yanaweza kutolewa. Huzuni? Muulize, ila usimuulize mbele za watu.

Ukimaliza yote hayo na bado hamu hakuna, kuna dawa za kuamsha hamu ya kula ambazo daktari anaweza kumpa kwa muda, zina madhara yake, usinunue kwa ushauri wa jirani.

Na kama mtu hajala kitu cha maana siku nyingi, tuseme zaidi ya siku 5, halafu ghafla kapata hamu, msimjaze. Mwili uliofunga muda mrefu ukipewa chakula kingi kwa mpigo chumvichumvi za damu zinavurugika, moyo unaweza kusimama. Anza na nusu ya kawaida, na mwambie daktari kwanza apime damu na ampe vitamini B1.

7. Majibu ya damu, soma haya mawili

Kwenye karatasi tafuta albumini, ndo protini ya damu, kawaida ni 3.5 hadi 5 gramu kwa desilita. Na kwenye FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, tafuta limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za kinga. Kuna hesabu ya Mjapani Onodera ya mwaka 1984, aliitengeneza kwa wagonjwa wa upasuaji wa tumbo lakini sasa inatumika kwenye kansa nyingi pamoja na hizi za nyongo: albumini mara 10, jumlisha limfosaiti mara 0.005. Baba mkubwa alikuwa na albumini 3.2 na limfosaiti 1,400, ni 32 na 7, jumla 39. Onodera aliona chini ya 40 kumpasua mtu ni hatari, 45 kwenda juu ni salama, tafiti za sasa kila moja inakata pake. Mi naitumia kuangalia inapanda au inashuka, basi. Na usimtupie mama lawama albumini ikiwa chini, inashushwa na maambukizi, na ini, na huo moto wa kansa, sio upishi wake. Mama mkubwa alilia uani kwa sababu mtu mmoja kwenye kaunta alimwambia "hamumlishi huyu."

Dozi ya kemo wanaipiga kwa urefu na uzito, kwaiyo wakitaka kutumia uzito wa mwezi uliopita toa daftari.

8. Atembee

Misuli haijengwi na mayai peke yake. Jioni jua likipoa, mlangoni mpaka kona na kurudi, kesho nguzo moja zaidi. Asiyeweza kutembea ainuke kwenye kiti mara kadhaa, ainue chupa ya maji ya nusu lita. Siku ya homa aache.

9. Ikifika mwisho, badilisha kazi ya chakula

Hii hatua hakuna anayetaka kuisoma. Inafika wiki ambapo analala zaidi ya kuamka, anameza kwa shida, hataki kitu. Hapo mwili haukitumii tena chakula, kumlazimisha kunamletea kutapika, kupaliwa na mapafu kujaa, na dripu za maji nyingi zinaishia kuvimbisha miguu na kufanya kifua kikorome. Familia inaona mnamuua kwa njaa. Kaeni kitako na daktari au nesi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, awaeleze wote kwa pamoja, shangazi wa Pangani awepo, kaka wa Dar kwenye simu, maana asiyekuwepo ndo atakayekuja na mrija wa puani.

Mizani nikairudisha kwa mwenye duka. Daftari likawa na mistari mingine: dafu vijiko 4, barafu ya chungwa la Muheza kipande, kalala upande wa kulia. Midomo inakauka, ilowanishe kwa pamba safi yenye maji kila baada ya muda mfupi, paka mafuta kidogo, mdomo usafishwe taratibu kwa kitambaa laini. Mgeuze kila saa 2. Mama mkubwa aliendelea kupika uji kila asubuhi, na hatukumzuia, alikuwa anakuja nao kwenye kikombe chake cha bati, anaukalisha karibu na kitanda, anamnusisha mvuke wa iliki, halafu anaunywa yeye mwenyewe pale pale huku kamshika mkono.